Mzigo Usiolala Ndani

Mama mkwe wangu alitoa hukumu kabla zipu ya lile begi la shangazi kaja haijafika nusu: mzigo ule haulali ndani ya nyumba yake. Hakupaza sauti. Aliziba pua kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye mbuzi kukuna nazi yake, na mume wangu, baba Nasra, akabaki mlangoni na begi mkononi, jasho linamchuruzika, macho kwangu.

Nilimwelewa mama. Harufu ilitangulia begi. Moshi wa sigara, mafuta ya chipsi, vumbi lililochomwa na joto la umeme, na chini ya yote ile harufu ambayo kila aliyewahi kufungua kabati la jikoni usiku wa manane anaifahamu: mende. Baba Nasra alikuwa amenunua kwa mkupuo vyombo vya kijana aliyefunga kibanda chake cha gemu hapa hapa Ngamiani, Tanga, pamoja na masalia ya vifaa vya mitumba ambavyo muuzaji mmoja alikuwa amevikatia tamaa. Ndani ya begi mlikuwa na PlayStation 2 nene mbili na nyembamba moja, Super Famicom iliyogeuka manjano, Game Boy ya kijivu isiyo na kifuniko cha betri, kaseti za gemu, na pedi zilizosokotana waya mpaka hujui ipi inaanzia wapi. Bei ilikuwa ya chuma chakavu, maana muuzaji mwenyewe alisema hakuna hata moja ya kutegemewa.

Tukalipeleka uani, chini ya mwarobaini. Nikatandika turubai, tukamimina. Nasra, binti yangu wa kidato cha pili, akachuchumaa pembeni na mkebe wa bisibisi za marehemu baba yangu. Baba alikuwa fundi redio Korogwe, na mimi nimekua nikimshikia tochi. Alinifundisha jambo ambalo kila mashine niliyoifungua imelithibitisha: vifaa vingi vinavyotupwa kwa kuitwa vibovu havina ubovu, vina uchafu, na anayevitupa hajawahi kuvifungua.

PlayStation 2 ni ushahidi mzuri wa hilo. Ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, na mpaka Sony inasimamisha utengenezaji wake mwanzoni mwa 2013, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mashine iliyotengenezwa kwa wingi namna hiyo haikwepeki mitaani kwetu. Ndiyo iliyolea kizazi kizima cha vijana wa vibandani, wamebanana kwenye benchi mbele ya TV ya chogo, wakigombea zamu ya gemu ya mpira ya Winning Eleven. Lakini ile nene ina feni nyuma inayosukuma hewa nje siku nzima, na hewa hiyo huingilia mbele. Chochote kinachoelea kibandani, mchanga wa sakafu, moshi, unyoya wa kuku, chumvi ya bahari, hupitia ndani yake kabla ya kutoka. Saa kumi alfajiri kijana anafunga, saa tatu asubuhi anawasha tena. Mashine haijapumzika wala haijapanguswa, na siku ikizima yenyewe kwa joto, wanasema imekufa.

Wapo wauzaji wanaojua hivyo, na badala ya kufungua wanapaka juu mafuta ya kung'arishia dashibodi ya gari. Mashine inameta, mnunuzi anafurahi, na yale mafuta yanaendelea kunasa vumbi jipya. Mimi nikiona PlayStation inayong'aa kupita kiasi, siiulizi bei.

Sasa, hukumu ya mama ilikuwa bado inasimama, na ingeendelea kusimama kwa amani kama isingeingilia kati posa ya wifi yangu.

Washenga walikuja jioni ya mawingu. Mkeka mpya umetandikwa ukumbini, visheti na sambusa mezani, mama mkwe amevaa doti aliyoitunza kwa ajili ya siku hiyo. Mimi na Nasra tulikuwa jikoni tunachuja chai. Mvua ikaanza kudondoka uani, na kijana wangu mdogo, wa darasa la tatu, akaona vibaya mali ilowe. Akabeba moja ya zile PlayStation nene, akaiingiza ndani kwa mlango wa nyuma, akaiweka chini ya meza ya TV. Na kwa kuwa soketi ilikuwa pale pale, akaichomeka. Taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza, ikawa ya kijani. Mashine iliyosemwa haiwaki ilikuwa inawaka! Angekuja kutuambia, lakini akaitwa kusalimia wageni, akashika mikono ya wazee mmoja mmoja kwa adabu zote, na mashine ikabaki inapata joto.

Waliotoka kwanza walitokea kwenye tundu za memori kadi. Mende wadogo, wekundu-kahawia, wale wa jikoni wanaozaana haraka. Wakashuka mguu wa meza, wakaufuata ukingo wa mkeka. Wengine wakapanda kwenye kioo cha TV. Nilipoingia na sinia la chai, nilikuta mama mkwe ameshafunika sahani ya visheti kwa kawa, mkono mmoja juu ya kawa na mwingine umeshika kandambili, huku anaendelea kumsikiliza msemaji wa washenga kana kwamba nyumba yote imetulia. Wifi, aliyekuwa chumbani akichungulia kwa pazia, alipiga ukelele ambao hata mtaa wa pili waliusikia.

Mzee wa upande wa bwana harusi hakuinua mguu. Alisubiri mmoja apite mbele ya kanzu yake, akasema, "Dada yangu, mimi nilikuwa na redio ya mbao iliyokuwa na hao. Tukaihamishia shamba, nao wakahama nayo." Kisha akaendelea pale alipoishia, kwenye habari ya mahari. Nikamheshimu mzee yule tangu dakika ile, na ndoa ile niliiona imeshafungwa hata kabla ya kutajwa kiasi.

Mama mkwe hakusema na mjukuu wake mpaka baada ya sala ya Isha. Kisha akaniita mimi.

"Mama Nasra."

"Abee, mama."

"Kile kitu kikilala hapa usiku wa leo, mimi nalala kwa dada yangu Pongwe."

Kukipulizia dawa kusingefaa. Dawa ya kupuliza huua wanaoonekana tu, tena huacha utando wa mafuta juu ya bodi, na utando huo ukichanganyika na kinyesi cha mende na unyevu wa pwani, unakula nyaya nyembamba za shaba taratibu. Na shida kubwa haiko kwa mende anayekimbia. Iko kwenye kile kifuko cha mayai: jike mmoja wa aina hii hubeba kifuko chenye mayai kama 30 hadi 40, na dawa haikipenyi vizuri. Dawa yake ni baridi kali, ya kugandisha, inayokaa muda wa kutosha kufika mpaka katikati ya mashine.

Friza katika nyumba yetu ni moja, na ni ya mama mkwe. Ndani yake hutengeneza barafu za ubuyu na ukwaju anazowauzia wanafunzi wanaotoka shule. Ni mtaji wake, ni hadhi yake, na mimi kama mkamwana nisingethubutu kuutamka mpango ule. Aliyeutamka ni wifi. Alikuwa na sababu zake: alitaka mende wale wafe wote kabla hawajafuatana naye kwenda kwa mumewe. Akamkalisha mama yake kitandani, akamweleza, akambembeleza, na jibu likatoka na masharti. Mifuko mitatu ya nailoni iliyofungwa kwa gundi, juu yake boksi, kona ya chini kabisa, na mambo yakiisha friza ioshwe yote kwa siki.

Watoto wa barafu waliliona boksi siku ile ile. "Bibi, mle ndani kuna nini?"

"Dhambi za mjukuu wangu," alijibu, akarudisha chenji.

Umeme nao ukachagua wakati huo kukatika. Ulikatika usiku, haukurudi mpaka mchana wa siku ya pili, na barafu zote zikayeyuka. Mama mkwe hakungoja zichache. Aliamka alfajiri akawapigia hodi majirani, na kila nyumba ikapata jagi la juisi ya ubuyu ya bure. Baba Nasra alilipa ubuyu, ukwaju na sukari bila kuambiwa. Boksi likabaki mahali pake, limefungwa, nikakataza lisifunguliwe, kwa sababu mashine iliyotoka kwenye ubaridi ikikutana na hewa ya Tanga, maji yanatunga juu ya kila chuma kilichomo ndani. Umeme uliporudi tukaanza hesabu upya, na mwisho wake boksi likakaa kivulini, nailoni haijaguswa, hadi ubaridi ukaisha na likawa na joto la chumba. Hapo tu ndipo tukafungua.

Kufungua PlayStation 2 nene ni kazi ya heshima. Unaigeuza kifudifudi. Chini kuna vifuniko vidogo vya mraba vinavyoficha skrubu. Unavichokoa kwa ncha ya kisu au bisibisi bapa. Skrubu hazilingani urefu, na ukiirudisha ndefu mahali pa fupi unaweza kutoboa kitu. Kwa hiyo Nasra alichora umbo la mashine kwenye boksi la sabuni, na kila skrubu iliyotoka akaichomeka kwenye mchoro, pale pale ilipotoka. Utaratibu huo aliuanzisha babu yake kwenye redio za betri. Kisha unainua kifuniko cha juu kidogo tu, si kwa pupa, kwa kuwa kitufe cha kuwashia kimeunganishwa na bodi kwa utepe mwembamba, na mashine nyingi mno zimeharibiwa na fundi aliyekivuta kifuniko kama anafungua boksi la viatu.

Sijasahau nilichokiona. Vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta likawa zulia la kijivu, lenye nywele na vipande vya mbawa, na lilikuwa limezunguka feni mpaka mapanga yake hayaonekani. Mende waliokufa walijipanga pembeni ya kasha la umeme, mahali penye joto kuliko pote. Chini ya trei ya diski kulikuwa na sarafu ya shilingi 200, na ganda la karanga. Na kwenye vile vyuma viwili ambavyo lenzi huteleza juu yake, fundi fulani wa zamani alikuwa amepaka mafuta ya nazi. Nasra alinusa kidole, akacheka, "Mama, inanukia kama nywele za bibi!" Mafuta ya nazi hupendeza mahali pake, lakini kwenye reli ya lenzi yanaganda kukiwa na baridi na kunasa vumbi lote, na lenzi inakwama katikati ya safari.

Tulipanguza kwa brashi laini ya rangi, tukaondoa lile zulia vipande vipande na kuliweka kwenye mfuko lisiruke. Feni tuliitoa, tukaisugua kwa mswaki. Maganda yote ya plastiki yakaenda kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, na ilibidi kuyamwaga na kuanza tena, na tena. Bodi yenyewe haiendi kwenye beseni. Bodi inapanguswa kwa alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu, yenye nguvu ya asilimia 99, kwa pamba za masikio na subira. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi ndani yake, haikauki upesi. Reli tukazifuta nazi mpaka zikawa nyeupe, tukapaka grisi nyeupe kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele.

PlayStation nene ya pili ilitufundisha kusoma. Nyuma ya kila PlayStation nene kuna kibandiko kinachotaja umeme wake. Kwetu umeme ni volti 230. Kibandiko cha ile kilisema 100, yaani ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na mtu aliichomeka ukutani moja kwa moja. Fyuzi imekatika, na kasha la umeme lina doa jeusi. Mashine kama hiyo ingeishi miaka mingi na transfoma ya kushushia umeme. Niliionea huruma, nikaiweka kando kwa ajili ya viungo.

Katikati ya hayo akaja shemeji yangu, mdogo wake baba Nasra, ambaye hutengeneza simu karibu na stendi. Alikuja na moyo wa kusaidia na chupa ya thina. Kwenye kazi ya simu thina inasifiwa: unapangusa bodi, uchafu unakimbia. Kwenye bodi ya zile PlayStation ikasafisha kweli, sina la kumlaumu. Halafu, sisi tukiwa tumeingia kula, akachukua ile nyembamba na kufuta kifuniko chake cha juu.

Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimepoteza mng'ao wake, kimekuwa kama ngozi iliyoungua. Plastiki ililainika, ikashika alama ya kidole gumba chake, mistari yote ya kidole, wazi kabisa, ikakauka hivyo hivyo. Maganda haya ni plastiki ya ABS, na thina ndani yake ina vimiminiko vinavyoiyeyusha. Shemeji aliumia kuliko mimi. Aliisugua alama ile kwa shati lake mpaka nikamwambia, "Basi, shemeji, iache." Nawaambia wote wanaonisikiliza: thina isikaribie ganda la mashine, hata tone. Kama kuna wino au gundi ya stika, tumia ile alkoholi, au mafuta ya kula kidogo kisha uoshe kwa sabuni. Kifuniko hakirudi kikishayeyuka.

Game Boy iliingia kwenye mikono ya mama mkwe kwa njia ambayo sikuitegemea. Mashine hii ya mkononi ilitoka 1989 kutoka Nintendo, kazi ya kikosi cha Gunpei Yokoi, na hutumia betri nne ndogo. Watu huzisahau ndani. Ile ya kwetu ilikuwa na ukoko wa bluu na mweupe kwenye springi, mgumu kama chokaa ya ukutani, na Nasra alianza kuukwangua kwa kisu.

"Unaukwangua nini, mjukuu wangu? Lete ndimu," mama alisema kutoka barazani. Hakuwa amekaribia turubai lile tangu siku ya kwanza.

Nikamwambia ndimu ni sawa, ila tujue kwanza betri ilikuwa ya aina gani. Betri za alkali zikivuja hutoa kitu kinachopingwa na tindikali, na hapo ndimu au siki ndiyo dawa. Betri za bei rahisi, zile za zinki na kaboni tunazoweka kwenye tochi, uvujaji wake wenyewe una tindikali, na dawa yake ni magadi soda kwenye maji. Ndani ya kifuko bado kulikuwa na kipande cha karatasi ya betri, na kilionyesha alkali. Mama akakata ndimu, akaminya tone juu ya pamba ya masikio, akaishikisha Nasra. Ukoko ukachemka. Vipovu vidogo vikapanda, vikageuka kijani kwa shaba iliyoliwa, na chini yake kikatokea chuma. Mama akavuta kigoda karibu. Akabadilisha pamba, na nyingine. Alipomaliza springi ya mwisho aliuliza kama mashine nyingine nazo zina ndimu ya kula.

Tulifuta kwa alkoholi, tukasugua ncha za springi kwa tupa ya kucha, tukaweka betri mpya. Jina la Nintendo likashuka taratibu kwenye kioo cha kijani, mashine ikatoa mlio wake wa kengele, lakini jina lilikuwa limekatwa na mistari miwili mitupu kutoka juu hadi chini. Hilo ni jambo linalojulikana kwa Game Boy za zamani: utepe unaoshika kioo umelegea kwenye gundi yake. Unafungua, unapitisha chuma cha kulehemu kwa upole juu ya utepe ule, na mistari inarudi mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yako. Shemeji ndiye aliyeifanya kazi hiyo, mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na nilifurahi kwamba ni yeye.

Super Famicom, ya mwaka 1990, ilikuwa na ugonjwa mwingine. Kwanza tundu lake la kaseti. Watoto wa dunia nzima walifundishana kupuliza kaseti, na pumzi ina mate na unyevu. Meno ya shaba yakipulizwa miaka na miaka yanaingia kutu. Tuliyafuta kwa alkoholi, pamba zikatoka nyeusi. Kisha rangi. Nusu ya juu ilikuwa manjano, nusu ya chini kijivu, kwa sababu plastiki ya nusu zile haikutoka kwenye mchanganyiko mmoja. ABS ya enzi hizo ilitiwa kemikali za bromini za kuzuia moto, na mwanga, joto na hewa huigeuza plastiki ile rangi kadiri miaka inavyopita. Sabuni haiwezi kuiondoa. Inayoweza ni peroksaidi ya hidrojeni pamoja na jua.

Wifi ni msusi. Peroksaidi ya krimu ya asilimia 12, ile ya kupaushia nywele, ilikuwa kwenye kikapu chake. Akavaa glavu, akaipaka nusu ile ya manjano kwa brashi yake ya rangi ya nywele, sawasawa, bila kuacha sehemu kavu, maana ikikauka huacha mabaka meupe yasiyofutika. Tukaifunga kwa nailoni ya chakula, tukaiweka juani kwenye jamvi, na kila mara akaigeuza na kuifuta upya. Huyu ni msichana anayefunga ndoa mwezi unaofuata, ana orodha ya mambo yake ndefu, na pale alikuwa amepiga magoti uani akigeuza ganda la Super Famicom. Siwezi kueleza nilivyompenda siku ile.

Vitufe vya pedi vilikuwa vimeoshwa na kuwekwa kwenye ungo vikauke. Kunguru wa pwani yetu, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea huku bara, hawahitaji kukaribishwa. Mmoja alishuka, akaruka na kitufe chekundu. Kijana wangu akamkimbiza kwa kandambili, akapita juu ya jamvi, akalikanyaga bakuli la peroksaidi, na krimu yote ikaruka kwenye kamba ya nguo. Kanga ya mama mkwe, ya nusu ya doti aliyovaa siku ya posa, ikapata baka pana kutoka kwenye pindo hadi katikati. Tuliisuuza pale pale. Rangi ilikuwa imeshaondoka, na herufi za jina lake upande mmoja zilikuwa zimepauka.

Kimya kilikuwa kirefu. Mama aliitazama kanga, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa la maji, kisha akaenda kutafuta mkasi.

Kitufe chekundu hakikuonekana tena. Nasra alichukua kingine kutoka kwenye pedi iliyokufa. Ganda, lilipofunguliwa jioni na kuoshwa, lilikuwa limerudi kijivu, karibu sawa na mwenzake. Huenda likageuka tena miaka ijayo, kwani peroksaidi haiondoi chanzo. Litarudishwa juani.

PlayStation nene tuliifunga siku ya Ijumaa. Ikawaka bila kelele za feni. Ilisoma diski za CD, ikakataa za DVD, na hiyo ni dalili ya lenzi iliyochoka. Hapo ile ya volti 100 ikatoa mchango wake: lenzi yake, ambayo namba zake zilianza na KHS-400 kama ya mwenzake, ilikuwa bado nzima. Tukaihamisha, tukaifuta kwa pamba bila kukandamiza, tukarudisha kila skrubu kutoka kwenye mchoro wa boksi la sabuni. TV ya chogo ni moja tu nyumbani, iko chumbani kwa mama mkwe, kwa ajili ya tamthilia zake. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema iletwe pale. Waya za njano, nyeupe na nyekundu zikachomekwa, na uwanja wa Winning Eleven ukatokea, kijani, na kelele za mashabiki zikajaa chumba. Baba Nasra alifungwa mabao na binti yake. Shemeji naye alifungwa. Mama alikaa kitandani na sindano, anakunja pindo la kipande cha kanga alichokikata upande usiopauka, na alipomaliza akakitupia juu ya mashine. Kilitosha sawasawa, hadi kwenye kona.

"Iwe inafunikwa ikishapoa," alisema. "Isifunikwe ikiwa ya moto."

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kijana mwingine, mwenye kibanda barabara ya pili, alikuja kuiulizia baada ya harusi. Nilimpa bei, lakini kabla ya bei nilimpa masharti, na nilisimama juu ya kila sharti. Iwekwe juu ya tofali mbili, isigusane na sakafu. Ukuta uwe mbali na feni. Chakula kisiliwe mbele yake. Brashi ipitishwe kwenye tundu za hewa kila Jumamosi, na ifunguliwe kabla ya joto la Desemba. Akikubali, kila mwaka nitamfungulia na kumsafishia bila malipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikagua mashine juu na chini, akanusa kwenye tundu za memori kadi, akatabasamu.

"Mama Nasra, zipo nyingine?"

"Zipo," Nasra alijibu kutoka uani. "Bado hazijakauka."